Chagall Guevara: bendi iliyokwama kati ya masoko mawili

Mwaka 1991 kampuni ya MCA ya Marekani ilitoa albamu ya bendi ya roki yenye makao yake Nashville, iliyoitwa Chagall Guevara. Wanamuziki wake walitoka katika muziki wa Kikristo, na baadhi yao walikuwa na jina kubwa huko. Prodyuza waliyefanya naye kazi, Matt Wallace, alikuwa ndiyo kwanza ameisaidia bendi ya Faith No More kurekodi albamu iliyowapa umaarufu. Jarida la Rolling Stone liliipokea kazi yao kwa sifa kubwa na kuilinganisha bendi hiyo na The Clash, bendi mashuhuri ya panki ya Uingereza, jambo ambalo bendi changa hulipata kwa nadra mno. Hata hivyo albamu haikuuzika, na kufikia 1993 Chagall Guevara ilikuwa imevunjika, ikiacha nyuma yake albamu hiyo moja na nyimbo chache zilizotawanyika huku na kule.

Msomaji wa haraka anaweza kuridhika na mojawapo ya majibu mawili: kwamba muziki wenyewe haukuwa na mvuto, au kwamba watu walioacha kuimbia kanisa na kukimbilia muziki wa kidunia hawakuwa na baraka. Jibu la kwanza linakanushwa na albamu yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za roki zilizowahi kutoka Nashville. La pili linachanganya imani na biashara, na mchanganyiko huo ndio unaofanya historia ya bendi hii isieleweke. Ninavyoiona mimi, kilichoikwamisha Chagall Guevara hakikuwa na uhusiano mkubwa na mambo ya kiroho. Kilihusu namna albamu zilivyokuwa zikisambazwa madukani, zikipigwa redioni, zikiandikiwa magazetini na mauzo yake kuhesabiwa, katika nchi iliyokuwa na masoko mawili ya muziki yanayoishi bega kwa bega bila kupeana mikono.

Soko la kwanza lilikuwa la Kikristo. Wauza vitabu wa Kikristo wa Marekani walianzisha chama chao mwaka 1950, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya Word, iliyokita mizizi katika mji wa Waco, Texas. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wengi wa California waliokuwa mahipi waliokoka na kuingia makanisani wakiwa na nywele zao ndefu na magitaa yao, na kwa kuwa hawakuziacha ala zao nje, ukazaliwa muziki mpya uliohitaji mahali pa kuuzwa. Word iliunda lebo ya Myrrh kwa ajili yao mwaka 1972, na kampuni ya Sparrow ikafuata mwaka 1976. Miaka miwili baadaye likaanza jarida la kuwaandikia mashabiki wao, CCM (Contemporary Christian Music). Hivyo ndivyo ulivyokamilika mfumo mzima wenye kampuni zake, maduka yake, redio zake, magazeti yake, matamasha yake na tuzo zake, ambao mtu angeweza kuishi ndani yake maisha yote bila kuhitaji chochote kutoka nje.

Faida ya mfumo huo ilikuwa uhakika. Mwanamuziki aliyekubalika aliweza kuzunguka makanisani na kwenye matamasha kwa miaka, akiuza kaseti zake katika maduka yaliyouza pia Biblia, kadi na kalenda. Udhaifu wake ulikuwa kwamba mwenye duka alikuwa na neno la mwisho. Wateja wake walikuwa washirika wa makanisa ya jirani, wazazi wanaowatafutia watoto wao muziki salama, na wachungaji wa vijana. Mmoja wao akirudi kulalamika kuhusu wimbo fulani, lilikuwa jambo jepesi zaidi kuiondoa albamu kwenye rafu kuliko kuanza kueleza maana ya tashtiti. Isitoshe, mauzo ya maduka hayo hayakuonekana katika chati kuu ya jarida la Billboard, ile ambayo kila redio na kila duka la kawaida liliitazama kujua nani anavuma. Mtu angeweza kuuza sana miongoni mwa waumini na bado akahesabika nje kana kwamba hayupo.

Steve Taylor, mwimbaji wa Chagall Guevara, aliujua udhaifu huo kwa undani kuliko wengi. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti aliyekulia Colorado, na kuanzia mwaka 1983 alitoa kupitia Sparrow mfululizo wa nyimbo za roki ya kisasa zilizowageukia Wakristo wenzake na kuwauliza maswali magumu. Katika albamu yake ya mwaka 1984 aliishambulia Bob Jones, chuo kikuu cha Kikristo cha South Carolina kilichokuwa kikiwakataza wanafunzi weusi na weupe kuchumbiana, marufuku ambayo haikuondolewa hadi mwaka 2000. Inafaa kukumbuka kwamba maneno hayo yalikuwa yanauzwa katika maduka ambayo baadhi ya wateja wake waliona chuo hicho kinatenda haki.

Kisha ukaja wimbo wa mwaka 1987 uliomsimulia dereva wa gari la kuuza aiskrimu aliyelipua kliniki ya kutoa mimba. Masimulizi yapo katika nafsi ya kwanza, na dereva huyo anajieleza kwa moyo mkunjufu: hajali kama kilicho tumboni ni mtoto au ni kipande cha nyama tu, ila anaona kwamba watoto wakipungua hatakuwa na wa kumuuzia aiskrimu. Taylor mwenyewe alikuwa mpinzani wa utoaji mimba. Alichokuwa akikilaani ni ukatili wa wale waliodai kuutetea uhai kwa mabomu, huku wakiwa na sababu zao nyingine kabisa. Lakini tashtiti ya namna hiyo humtaka msikilizaji akae na wimbo mpaka mwisho, na wapo ambao hawakukaa. Baadhi ya maduka yaliiondoa albamu. Kana kwamba hilo halikutosha, jalada lake, ambalo ni picha iliyochorwa na mke wake, lilituhumiwa kufanana na kadi za kupigia ramli. Naona ni vigumu kumlaumu mtu aliyepitia hayo kwa kuanza kutafuta wasikilizaji mahali pengine.

Waliokutana naye kuunda bendi mwaka 1989 hawakuwa wanafunzi. Wapiga gitaa wawili, Dave Perkins na Lynn Nichols, walikuwa pia maprodyuza. Perkins alikwisha kutoa albamu yake mwenyewe, na Nichols, aliyewahi kupiga katika bendi ya Phil Keaggy miaka ya 1970, alikuwa ametoka kumtengenezea mpiga gitaa huyo albamu ya mwaka 1988. Mike Mead alishika dramu na Wade Jaynes gitaa la besi. Jina walilochagua liliunganisha watu wawili ambao hawakuwahi kuwa na jambo moja: Marc Chagall, mchoraji Myahudi aliyezaliwa Vitebsk, na Ernesto Che Guevara, yule yule ambaye mwaka 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo akiwa na jina la Kiswahili, Tatu. Kwa kuyaweka pamoja majina hayo walimaanisha sanaa ya mapinduzi. Katika duka la vitabu vya Kikristo la Marekani, mwaka ambao Vita Baridi vilikuwa bado havijaisha, jina la mkomunisti aliyevaa bereti lingehitaji maelezo marefu pale kaunta, na nadhani wanamuziki hao walilijua hilo vizuri.

Walikataa kuitwa bendi ya Kikristo. Uamuzi huo umeeleweka vibaya mara nyingi, kwa hiyo ni vyema kuutenganisha na suala la imani. Hawakumkana Kristo wala hawakuficha walikotoka. Walichokataa ni kuwekwa katika rafu fulani ya duka, kwa sababu rafu hiyo ndiyo iliyoamua nani atawasikia na wimbo gani utavumiliwa. Mshairi Mkristo, mchoraji Mkristo au seremala Mkristo hatakiwi kuuza kazi yake kwa waumini peke yao, na wao walitaka roki yao ipewe uhuru uleule. Tatizo ni kwamba katika mfumo ule, kukataa jina kulikuwa sawa na kukataa usambazaji wote uliofungamana nalo.

Hapo ndipo mkataba na MCA unapoingia, na unafaa kuelezwa taratibu kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kupata mkataba wa kampuni kubwa ni kupata fedha. Kwa kawaida kampuni humpa mwanamuziki fedha za awali na kulipia studio, kisha hujirudishia gharama hizo kutoka katika mrabaha wa mwanamuziki mwenyewe, yaani malipo yake kwa kila nakala inayouzwa, wala si kutoka katika faida ya kampuni. Tuseme, kwa mfano tu, bendi imegharimiwa dola 200,000 na mrabaha wake ni dola 1 kwa kila nakala: itabidi ziuzwe nakala 200,000 kabla wanamuziki hawajaona hata senti ya mrabaha, ilhali kampuni inaweza kuwa imeanza kupata faida muda mrefu kabla ya hapo. Muhimu zaidi, kampuni haikulazimika kuihangaikia kila albamu iliyoitoa. Ilitoa nyingi, ikatazama wiki za mwanzo ni zipi redio zimezikubali, kisha ikazimwagia hizo fedha za matangazo. Albamu ambayo haikushika moto mapema iliachwa ijitafutie njia, na bendi ikabaki imefungwa na mkataba uliowazuia kurekodi kwingine.

Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Miaka minne kabla, bendi nyingine ya Wakristo kutoka Sacramento, The 77s, ilikuwa imetoa albamu nzuri kupitia Island, kampuni iliyokuwa ikishughulika wakati huohuo na albamu kubwa kuliko zote za U2. Hakuna aliyewachukia The 77s. Ni kwamba kampuni ilikuwa na jambo jingine la kufanya.

MCA nayo ilikuwa na mambo mengine. Mwaka 1990 iliinunua kampuni ya Geffen, na mwishoni mwa mwaka huo yenyewe ikakubali kununuliwa na Matsushita ya Japani kwa zaidi ya dola bilioni 6. Siwezi kudai kwamba mauzo hayo ndiyo yaliyoimaliza bendi moja ya Nashville. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kampuni inayobadilisha mmiliki anajua hali inavyokuwa: maamuzi husubiri, na miradi midogo ndiyo hukosa msemaji kwanza. Mwanzo ulikuwa umewapa matumaini, kwa kuwa mwaka huohuo wa 1990 wimbo wao mmoja uliwekwa katika albamu ya nyimbo za filamu ya Pump Up the Volume, pamoja na bendi za Pixies, Sonic Youth na Soundgarden. Hao ndio walikuwa jirani zao halisi kimuziki, na sidhani kama kuna bendi nyingine iliyotoka katika muziki wa Kikristo wakati ule ambayo ingeweza kukaa kati yao bila kuonekana mgeni.

Albamu yenyewe ina magitaa mawili yanayobishana badala ya kusaidiana: moja hushikilia mdundo mzito wa chini huku jingine likikwaruza juu yake, mara nyingi kwa sauti isiyo safi kwa makusudi, na kati yao Taylor anaimba kwa sauti kali ya mtu anayehutubia umati usiotaka kunyamaza. Wimbo unaoitwa Escher's World umechukua jina la mchoraji wa Kiholanzi M. C. Escher, aliyesifika kwa ngazi zinazopanda bila kufika juu, na maneno yake yanazunguka katika ulimwengu usio na chini wala juu kama michoro hiyo. Katika Play God, swali la nani amejipa mamlaka ya Mungu linaulizwa bila mahubiri yoyote. Msikilizaji asiye na dini anaweza kuisikiliza albamu yote asihisi kwamba anaviziwa aongoke. Msikilizaji Mkristo akitega sikio anaikuta Biblia chini ya karibu kila hasira iliyomo. Kwangu mimi huo ndio ustadi mkubwa wa kazi hii, na ndio pia uliowakosesha walezi wa pande zote mbili, kwa kuwa redio za Kikristo zilitaka jina la Yesu lisikike waziwazi, na redio za kawaida hazikuwa zimeamua bado kama zinahitaji roki ya namna hiyo.

Kuhusu redio hizo, tarehe zina uzito wake. Roki mbadala wakati huo ilikuwa bado ni muziki wa redio za vyuo vikuu na vituo vichache vya miji mikubwa. Billboard ilikuwa imeanza kuutengea chati yake mwaka 1988 tu. Mwezi Mei 1991 jarida hilo lilianza kutumia SoundScan, mfumo uliohesabu mauzo halisi kwa mashine za malipo badala ya kuwapigia simu wenye maduka na kuwauliza nini kinauzika, na ghafla ikaonekana kwamba aina za muziki zilizodharauliwa zilikuwa na wanunuzi wengi. Septemba ikatoka albamu ya Nirvana iliyobadilisha kila kitu, na iliyoitoa ilikuwa DGC, lebo ya Geffen, yaani ndani ya ukoo uleule wa MCA. Chagall Guevara walikuwa wametangulia kwa miezi michache. Kufikia wakati vituo vyote vya roki vya Marekani vilipoanza kutafuta magitaa ya kukwaruza, albamu yao ilikuwa tayari imehesabiwa kuwa ya zamani na isiyouzika.

Mwaka huohuo wa 1991 ulitoa pia kielelezo cha njia nyingine. Amy Grant, nyota wa muziki wa Kikristo aliyekuwa chini ya Myrrh, alitoa Heart in Motion, na mwezi Aprili wimbo wake Baby Baby ulifika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya Billboard. Tofauti haikuwa kwamba yeye alimtaja Mungu zaidi; Baby Baby ni wimbo wa mapenzi. Tofauti ilikuwa ya mikataba: tangu katikati ya miaka ya 1980 albamu zake zilipelekwa katika maduka ya Kikristo na Myrrh, na katika maduka ya kawaida na kampuni ya A&M. Aliingia soko la pili huku la kwanza likiendelea kumlipia gharama, na alipolaumiwa na waumini, kama alivyolaumiwa sana, alikuwa na pa kuegemea. Chagall Guevara waliliacha la kwanza kwa uamuzi wa dhamiri, na sioni kwamba walikosea kimsingi, lakini gharama yake ilikuwa kwamba MCA ilipowapuuza hawakuwa na kampuni ya pili ya kuwabeba.

Kuanzia hapo simulizi ni fupi. Bila albamu ya pili hakukuwa na sababu ya kuzunguka na maonyesho, na bendi ya watu wenye familia na kazi nyingine haiwezi kusubiri kampuni milele. Mwaka 1992 walijitahidi kujitoa katika mkataba, na mwaka 1993 wakaachana. Kazi yao moja ya baadaye iliyosikika ilikuwa katika albamu ya mwaka 1994 ya kumuenzi Mark Heard, mtunzi aliyepatwa na mshtuko wa moyo akiwa jukwaani katika tamasha la Cornerstone, Illinois, Julai 1992, akamaliza kuimba, kisha akafariki mwezi uliofuata. Heard naye alikuwa Mkristo aliyeishi miaka yote kati ya masoko haya mawili, akithaminiwa sana na watunzi wenzake na kununuliwa na wachache. Nyimbo zake zilistahili waimbaji waliolijua jambo hilo kwa uzoefu.

Perkins na Nichols waliendelea pamoja kwa muda katika mradi ulioitwa Passafist. Taylor alirudi kurekodi peke yake mwaka 1993, akawa pia prodyuza na mtunzi mwenza wa bendi ya Newsboys, na mwaka 1997 akaanzisha lebo yake, Squint Entertainment. Kupitia lebo hiyo bendi ya Sixpence None the Richer ilitoa albamu yenye wimbo Kiss Me, uliofika nafasi ya pili katika chati kuu mwaka 1999. Ni wazi kwamba Taylor alikuwa amejifunza jambo: safari hii bendi ya Wakristo iliimba wimbo wa mapenzi usio na mahubiri, ikauzwa pande zote mbili, na lebo ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeyajua masoko yote.

Wakati huo hata mfumo wenyewe ulikuwa umebadilika. Mwaka 1992, Chagall Guevara wakiwa wanajaribu kuondoka MCA, EMI iliinunua Sparrow, na kampuni nyingine kubwa zikafuata njia hiyo, hivyo lebo ya Kikristo na mtandao wa usambazaji wa kawaida vikaanza kuwa chini ya mwenye mali mmoja. Mwaka 1995 maduka ya Kikristo yalianza kuingizwa katika hesabu za SoundScan. Jars of Clay, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka huohuo, ilikuta njia ipo wazi: wimbo wake Flood ulipigwa na redio za roki mbadala na kuingia katika 40 bora za nchi nzima, huku albamu ikiendelea kuuzwa kando ya Biblia. Muziki wao ulikuwa mpole kuliko wa Chagall Guevara, ndiyo, lakini naamini miaka hiyo minne ilikuwa na uzito zaidi kuliko upole.

Bendi yenyewe ilirudi baada ya karibu miongo mitatu, ikiwa imewaomba mashabiki wachangie gharama kupitia Kickstarter, na mwaka 2022 ikatoa albamu yake ya pili ya studio, Halcyon Days. Haikuhitaji MCA kuirekodi wala duka la vitabu kuikubali. Ilienda moja kwa moja kwa watu waliokuwa wamekwisha kuilipia.